Majibu ya kipimo cha ubongo yamekushtua na bingwa bado hujamwona: mambo ya kufanya wakati unasubiri

Pole kwanza. Kama umefika hapa, huenda una bahasha ya kaki mezani, ndani yake filamu nyeusi na karatasi ya Kiingereza uliyoisoma mara ishirini, na kliniki ya bingwa ni wiki ijayo au mwezi ujao. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu maswali yanayonijia ni yale yale: "Wamesema kuna uvimbe, ndiyo saratani?" "Nianze dawa gani?" "Mama nimwambie?" "Niuze kiwanja niende India?"

Mimi si daktari. Nilikaa siku 19 nikisubiri kumwona bingwa wa upasuaji wa ubongo hapa Dar es Salaam, baada ya MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) niliyofanyiwa kwa sababu ya kichwa kilichoniuma miezi minne. Usiku wa kwanza kaka yangu aliinua filamu kwenye taa ya sebuleni. Tukaliona doa jeupe, dogo kama punje ya hindi, karibu na ukingo wa fuvu. Hakuna aliyesema neno. Wifi yangu akainuka akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Zile siku 19 nilizitumia vibaya karibu zote, na wewe sitaki zako zipotee hivyo.

Kwanza kabisa: dalili ambazo hazingoji kliniki

Ukiona mojawapo ya hizi, usisubiri tarehe uliyopangiwa. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu, hata kama ni usiku, na bahasha yako uwe nayo:

- Kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuipata maishani.
- Kutapika tena na tena, hasa asubuhi, huku maumivu ya kichwa yakizidi.
- Degedege la mara ya kwanza, au linalozidi dakika 5, au linalorudi kabla fahamu hazijarejea.
- Mkono au mguu wa upande mmoja kuishiwa nguvu, mdomo kwenda upande, maneno kugoma kutoka.
- Macho kupungua nguvu ghafla, au kuona kitu kimoja kama viwili.
- Usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, kutowatambua watu.
- Homa pamoja na shingo kukakamaa.

Vilevile, kama ripoti yenyewe inataja damu kuvuja, maji kujaa ndani ya ubongo ("hydrocephalus") au ubongo kusukumwa upande ("midline shift"), mtafute daktari siku hiyo hiyo. Usiiache mpaka Jumatatu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- CD au flashi yenye picha zenyewe, filamu, na ripoti. Ripoti itoe kopi mbili, kisha ipige picha kwa simu.
- Vipimo vya zamani vya kichwa, hata vya miaka kumi nyuma. Picha ya zamani yenye doa lile lile, ukubwa ule ule, inaweza kubadilisha maelezo yote.
- Daftari dogo na kalamu.
- Dawa zote unazotumia, uzibebe na maboksi yake. Za mitishamba zimo.
- Barua ya rufaa, kadi ya bima kama unayo, na kitambulisho.
- Mtu mmoja wa kuandamana nawe. Mmoja tu, anayeweza kusikiliza bila kuanza kulia wala kugombana na manesi.

Hatua ya 1: Jua karatasi hiyo iliandikiwa nani

Ripoti ni barua ya daktari wa mionzi kwenda kwa daktari aliyekutuma. Wewe hukuandikiwa, ndiyo maana inatisha. Aliyeiandika ameziona picha zako. Hajakuona unavyotembea, hajakupima macho, hajui kichwa kilianza lini. Bingwa unayemsubiri ndiye atakayeunganisha picha na mtu.

Nenda chini kabisa kwenye sehemu iliyoandikwa "Impression" au "Conclusion". Huo ndio muhtasari. Haya hapa ni maneno yanayowanyima watu usingizi:

"Lesion" maana yake ni sehemu inayoonekana tofauti na jirani zake. Basi. Haisemi ni ugonjwa gani. "Mass" ni kitu chenye umbo kinachochukua nafasi. "Non-specific" maana yake alama hiyo inaweza kuletwa na mambo mengi, na mara nyingi ni madogo. "Age-related changes" ni mabadiliko ya umri, kama mvi. "Enhancement" ni kwamba sehemu hiyo iling'aa baada ya ile dawa uliyochomwa mshipani. "Cannot exclude" maana yake kwa picha hii peke yake hawezi kukanusha. Watu wengi wanalisoma kama "tumethibitisha", na sivyo kabisa. Na "clinical correlation" ni kumwambia daktari mwenzake: linganisha na mgonjwa mwenyewe.

Sasa swali la saratani. Uvimbe wa kichwani si lazima uwe saratani. Uko uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, unaitwa meningioma; mara nyingi si saratani, wengi wao hukua polepole, na mwingine hufuatiliwa tu kwa kurudia picha. Wangu ulikuwa huo. Sikuahidi kwamba na wako utakuwa hivyo. Nakwambia tu kwamba neno "mass" lililonifanya niandike wosia saa tisa za usiku liliishia kuwa kipimo cha kurudia kila mwaka.

Yako pia mambo ya kwetu ambayo mtandaoni huyakuti haraka, kwa kuwa kurasa nyingi zimeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Doa lenye pete au vidoa vyenye chokaa vinaweza kuwa vifuko vya lava wa tegu wa nguruwe. Maeneo ambako nguruwe hufugwa huria, kama Mbulu mkoani Manyara na Mbozi mkoani Songwe, ugonjwa huo umechunguzwa na watafiti kwa miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mahali ulikoota mizizi unahusika na takriban asilimia 30 ya kifafa. Wala usiseme "sisi hatuli nguruwe". Vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu kupitia maji, mboga au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu, kwa hiyo hata ambaye hajawahi kuonja nyama hiyo anaweza kuupata. TB nayo hufanya vinundu ubongoni. Mwenye VVU anaweza kupata maambukizi ya toksoplasma, kimelea kinachoweza kushambulia ubongo. Yote haya yana dawa. Ndiyo maana ukiulizwa ulikulia wapi, au ukiambiwa upime VVU na kifua, usione kwamba daktari anapoteza muda wako.

Onyo: usikimbilie dukani kununua dawa ya minyoo ili "kuwahi". Lava wakifa kwa pamoja ndani ya ubongo, ubongo huvimba. Dawa hizo hutolewa kwa mpango, mara nyingi pamoja na dawa ya kuzuia uvimbe huo.

Jambo moja la mwisho kabla hatujasonga. Mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walichapisha matokeo ya MRI za ubongo za watu 2000 wa mtaani tu, wengi wao wa makamo na wazee, ambao hawakuletwa na ugonjwa. Asilimia 7.2 walikutwa na alama za kiharusi ambacho hawakukijua, asilimia 1.8 na uvimbe wa mshipa wa damu, na asilimia 1.6 na uvimbe usio saratani. Walikuwa wakienda sokoni na kazini kama kawaida. Vingine vinavyoonekana kwenye picha havihusiani hata na kile kilichokupeleka hospitali.

Hatua ya 2: Rudi kwa daktari aliyekutuma, ndani ya siku mbili tatu

Watu wengi huruka hatua hii. Wanachukua bahasha dirishani, wanaambiwa "subiri bingwa", wanaondoka. Rudi. Muulize maswali matatu tu:

1. Hili langu ni la leo, la wiki hii, au linaweza kusubiri?
2. Dawa ninazotumia niendelee nazo zote?
3. Nikiona nini nisisubiri tarehe?

Kama jibu la kwanza ni "wiki hii" na kliniki yako ni ya mwezi ujao, mwombe ampigie bingwa mwenyewe. Daktari akizungumza na daktari mwenzake, tarehe husogea kwa namna ambayo wewe ukilalamika mapokezi haisogei.

Hatua ya 3: Hakikisha picha zinafunguka

Hapa ndipo nilipoumia. Nilikwenda kliniki na filamu na ripoti, na CD niliyopewa kituo cha kipimo ambayo sikuwahi kuifungua. Bingwa akaiweka kwenye kompyuta. Ikazunguka, ikazunguka, haina kitu. Alitaka kuona picha moja baada ya moja, na kwenye filamu zimebanwa ndogo ndogo. Nikarudishwa. Kati ya zile siku 19, tisa zilikwenda hapo.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka kituoni, omba wakufungulie CD uone picha kwa macho yako. Omba nakala ya pili, au wakuwekee kwenye flashi. Usiiache CD kwenye dashibodi ya gari juani, na filamu usizikunje.

Hatua ya 4: Anza daftari la dalili leo

Si shajara ya huzuni. Mistari michache kwa siku inatosha, namna hii:

*Jumanne. Kichwa, upande wa kulia, saa 12 asubuhi nilipoamka. Nguvu 6 kati ya 10. Kiliisha saa 3 baada ya panado 2. Sikutapika. Macho sawa.*

Ukiwa na siku kumi za namna hiyo, bingwa atajua katika dakika mbili kile ambacho angekuuliza kwa dakika ishirini, na usingekumbuka. Kama mgonjwa ana degedege au vipindi vya kuduwaa, mtu wa nyumbani arekodi video akishahakikisha mgonjwa yuko salama. Video ya sekunde 30 humwonyesha daktari kitu ambacho maneno yako hayawezi.

Hatua ya 5: Linda mwili

Kama umewahi kupata degedege au kupoteza fahamu, usiendeshe gari wala bodaboda mpaka bingwa aseme. Usiogelee, usipande mti wala ngazi, usioge ukiwa umefunga mlango kwa komeo. Kama unapikia jiko la mkaa la chini, mtu mwingine awepo.

Wafundishe wa nyumbani: degedege likianza, angalieni saa, ondoeni vitu vigumu karibu, mlazeni ubavu, legezeni nguo shingoni. Msimshike kwa nguvu. Msimtie kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, meno ndiyo huvunjika, na mtu anaweza kukabwa.

Kuhusu dawa, makosa ninayoyasikia kila mara ni haya. Mtu anaacha dawa za kifafa kwa sababu "nasubiri bingwa anipe nzuri", degedege linarudi kwa kishindo. Mtu amepewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, anaona nafuu, anaiacha ghafla; dawa hiyo hupunguzwa taratibu kwa maelekezo. Mtu anameza dawa za maumivu kila siku kwa wiki nyingi, na dawa hizo hizo zinaanza kumletea kichwa. Aspirini na diklofenaki usizianze bila kuuliza, hasa kama ripoti imetaja damu. Za presha usiache.

Hatua ya 6: Punguza simu

Nilisoma kurasa za mtandaoni mpaka alfajiri, siku sita mfululizo. Sikupata jibu hata moja, kwa sababu mtandao haukuwa umeona picha yangu. Fanya hivi: chagua ndugu mmoja mwenye akili tulivu, yeye ndiye atafute, akuletee yale tu yatakayozaa swali la kumuuliza bingwa. Wewe jipe nusu saa ya kuwaza, jioni, ukiwa na daftari. Wazo likija saa tano asubuhi, liandikie mstari mmoja na uliambie litasubiri jioni.

Picha ya ripoti usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kabla ya magharibi utakuwa umeshaambiwa kuhusu jirani wa shangazi aliyefariki, majani ya kuchemsha, na mchungaji wa Mwanza. Wanakupenda, ila hutaweza kuwajibu wote. Teua msemaji mmoja.

Hatua ya 7: Amua nani aambiwe nini

Mwenza wako aambiwe yote. Bosi aambiwe kwamba unafanyiwa uchunguzi na utahitaji siku za kliniki. Jina la ugonjwa si lazima, na bado huna. Watoto waambiwe kwa maneno mafupi: "Mama anaumwa kichwa, daktari ataangalia, si kwa sababu yenu." Watoto wanasikia minong'ono ya jikoni hata usipowaambia, na kile wanachojitungia wenyewe huwa kibaya zaidi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Kwetu mgonjwa akiwa mzee, watoto huchukua bahasha wakaificha. "Mama asijue, presha itapanda." Nimemwona mama wa namna hiyo kwenye benchi la kliniki. Wanawe watatu walikuwa wakiongea kwa macho juu ya kichwa chake. Akanigeukia akaniuliza taratibu, "Mwanangu, wewe unajua kusoma hizi karatasi? Mimi wananificha." Alikuwa anajua kuna jambo. Kilichozidi ni kwamba alikuwa analibeba peke yake. Mwambie mzee wako ukweli kwa kiasi chake: "Mama, picha imeonyesha kitu, hatujajua ni nini, tunaenda wote kwa bingwa." Sentensi hiyo haina uongo hata chembe, na mama hataachwa nje ya mwili wake mwenyewe.

Hatua ya 8: Jiandae kwa usiku

Mchana utapita. Saa nane za usiku ndizo ngumu. Weka daftari kando ya kitanda. Ukiamka na hofu, keti, pumua ndani taratibu, na pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, mara kumi. Washa redio kwa sauti ndogo. Kama unaswali au unasali, hapo ndipo mahali pake. Mimi nilikuwa naamka na kutawadha, na maji ya baridi yalinirudisha chumbani kabla hata ya dua. Kahawa na chai kali mwisho iwe mchana. Kula hata kama hamu haipo, uji unatosha.

Ukianza kuwaza kwamba afadhali usiwepo, usibaki peke yako na wazo hilo. Mwamshe mtu usiku huo huo, na kukicha mwende hospitali mkaeleze waziwazi. Hilo nalo ni la dharura kama degedege.

Hatua ya 9: Siku ya kliniki

Fika mapema, umekula. Mwenzako ndiye aandike. Omba ruhusa ya kurekodi sauti, wengi hawakatai. Maswali yangu yalikuwa haya, yachukue:

- Kwa maoni yako hiki ni nini hasa, na kinaweza kuwa nini kingine?
- Kinahusiana na dalili zangu?
- Tukisubiri miezi mitatu tukarudia picha, kuna hatari gani?
- Kama ni upasuaji, lengo ni kutoa chote, kupunguza, au kuchukua kipande kipimwe?
- Nani atanifuatilia, na nikizidiwa nampigia nani?

Kabla hujainuka, rudia kwa maneno yako mwenyewe ulichoelewa, akusahihishe.

Ukikwama

*Tarehe iko mbali mno.* Omba jina lako liwekwe kwa ajili ya nafasi zinazoachwa, kisha piga simu kila wiki. Uliza pia kwingine: zaidi ya MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, huduma ya upasuaji wa ubongo ipo Bugando Mwanza na Mnazi Mmoja Zanzibar.

*Nimesomewa na madaktari wawili, wamepishana.* Hutokea. Usichague ile inayokufurahisha. Peleka zote mbili pamoja na picha.

*Wameniambia nirudie MRI kwa dawa ya mshipani.* Si ishara kwamba hali imekuwa mbaya, wanataka kuona vizuri zaidi. Waambie kama una chuma mwilini, kifaa cha moyo, tatizo la figo au mimba.

*Familia inataka nipelekwe kwenye maombi au kwa mganga kwanza.* Maombi hayagombani na kliniki. Weka masharti mawili: hakuna kuacha dawa, na tarehe ya bingwa haisogezwi. Ukipewa cha kunywa, kiandike daftarini umwambie daktari.

*Kuna mtu anatuharakisha tuuze kiwanja twende India.* Hakuna kuuza kitu kabla bingwa hajasema ni nini na kama matibabu yake yanapatikana hapa nchini. Anayekuharakisha kabla ya jibu, muulize analipwa na nani.

*Dalili zimeisha zenyewe.* Nimefurahi nawe. Kliniki nenda vilevile, na CD yako, na daftari.